Abana ba Nasery wa Bunyore: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza tena na tena wakisikia hii bendi kwa mara ya kwanza, wawe Kisumu, Luanda, Mbale ama wale wetu wako Nairobi na majuu. Nimeanza na yale rahisi alafu tunaenda hadi mambo ya santuri za zamani na haki za watunzi. Kama jibu liko mahali pengine nitakuambia uende huko, sitarudia.

## MAMBO YA KWANZA

Abana ba Nasery ni akina nani haswa?

Ni wanaume watatu wa Bunyore. Kwa rekodi zao Shem Tube anaongoza kuimba na anapiga gita ya kwanza, Justo Osala ako na gita ya pili na anaitikia, na Enos Okola ako na chupa ya Fanta na sauti ya tatu. Basi, ni hao tu. Hakuna drams, hakuna besi ya umeme, hakuna kinanda wala tarumbeta, na bado ukiweka wimbo wao kwa spika watu wanaanza kutingisha mabega kabla hata hawajajua ni nani anaimba.

Nasema hivi mapema juu wengi wakisikia neno bendi wanafikiria watu kumi kwa jukwaa na waya kila mahali, alafu wakiambiwa ni watatu wanadhani ni kikundi cha kujaribu jaribu tu. Sivyo. Hawa walikuwa mastaa huku kwetu magharibi, miaka ya 1960 na 1970, na kwangu mimi ni kati ya vikundi vitatu vinne bora vya gita ambavyo Kenya imewahi kutoa.

Na hilo jina je?

Ni watoto wa nasari tu, ile nasari ya shule. Kwa zile kaseti na sidi za nje utaona wameandikwa pia Nursery Boys, ni watu wale wale.

Bunyore ni wapi?

Ukitoka Kisumu na barabara ya Busia unapita Kisian, unapanda hadi Maseno pale mstari wa ikweta unapita, na ukisonga mbele kidogo unafika Luanda, hapo sasa uko Bunyore. Ni kaunti ya Vihiga. Reli ya Kisumu kwenda Butere pia inapita Luanda. Ukiangalia ramani utaona kitu muhimu sana kwa huu muziki, kwamba Wanyore wamekaa katikati, upande mmoja Waluo wa Seme na Gem, upande mwingine Wamaragoli, juu kidogo Wakisa na Wamarama, na kila soko lilikuwa na wapigaji wake. Kwa hivyo mpigaji gita wa Bunyore hakukosa kusikia vitu vya jirani, alisikia kila siku ya soko, na hiyo iko ndani ya nyimbo.

Wanaimba kwa lugha gani?

Nyingi ni Lunyore, zingine Kiswahili. Kiswahili chao ni cha huku kwetu, si cha pwani, na ndio maana mtu wa Kakamega ama Bungoma anazishika haraka hata kama Lunyore yake si nzuri. Kama wewe hujui Lunyore kabisa usiogope, anza na za Kiswahili alafu rudi kwa zile zingine ukiwa umeshazoea sauti.

Nikitaka kuanza kuwasikiza, nianze na nini?

Atisa Wangu. Usitafute sana, anza hapo. Sikiza mara ya kwanza bila kufanya kitu kingine, alafu mara ya pili fuata gita ya chini peke yake hadi mwisho. Baada ya hapo chukua ile albamu ya 1989 (iko kwa swali la albamu hapo chini) uisikize yote kwa mfululizo.

## MUZIKI WENYEWE

Hii ni benga ama ni nini?

Hii ndio swali inaulizwa kuliko zote na watu wanakosana nayo sana. Si benga. Ni ile staili ya gita ya Waluhya inaitwa omutibo, gita kavu inayopigwa na vidole viwili, gumba na kidole cha shahada.

Benga ni ya upande wa Luo Nyanza, ilikuja kuvuma na kina George Ramogi, D.O. Misiani na Shirati Jazz, Victoria Jazz ya Ochieng' Nelly, na imejengwa juu ya gita za umeme, besi nzito inayosukuma mbele, na ile sehemu ndefu ambayo waimbaji wananyamaza gita zinaachiliwa zikimbie. Baadaye Waluhya pia waliingia benga vizuri sana, Sukuma Bin Ongaro ni mfano kila mtu anajua. Lakini omutibo ilikuwepo kabla, na ni ya kukaa chini, kiti na gita kwa goti.

Ila sasa, usizitenganishe sana kama maji na mafuta. Sikiza venye gita ya Shem Tube inajibu sauti yake mwenyewe kila akimaliza mstari, na venye ile ya Osala inatembea huko chini kama besi, utasikia vitu ambavyo bendi za umeme zilikuja kuvifanya kwa sauti kubwa. Ndio maana mtu wa benga akisikia hawa wazee hajisikii mgeni.

George Mukabi anaingia wapi hapa?

Anaingia mbele kabisa. Mukabi alikuwa wa Kisa, hapo jirani, na ndiye anatajwa kila mara kama baba wa omutibo. Husemwa aliichukua midundo ya isukuti, zile ngoma za Waisukha na Waidakho, akaiweka kwa nyuzi za gita, na ukisikiza gumba lake venye linagonga bila kuchoka unaelewa kwa nini watu wanasema hivyo. Alifariki 1963, mwaka ule ule tulipata uhuru, akiwa bado kijana. Mtoto wake, Johnstone Mukabi, alikuja kuipiga hiyo staili pia.

Kwa hivyo Abana ba Nasery hawakuanzisha omutibo. Walichofanya, na mimi naona hiyo ndio kubwa yao, ni kuitoa kutoka kwa mtu mmoja na gita yake na kuifanya kazi ya watu watatu waliopangana. Jibu la gita mbili hapo chini linaeleza.

Gita yenyewe ilifikaje magharibi?

Kwa njia nyingi kwa pamoja. Kuna wale waliorudi kutoka vita ya pili ya dunia na KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza) wakiwa wamesikia na kushika vyombo huko nje, mwanamuziki Fundi Konde wa pwani alikuwa mmoja wa waliotumbuiza wanajeshi hadi Burma. Kuna wale walienda kufanya kazi mijini na kwa mashamba ya chai wakarudi Krismasi na gita badala ya baiskeli. Na kuna santuri.

Santuri za Kongo hasa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 na hizo rekodi zikasambaa Afrika Mashariki nzima, na yeye mwenyewe pamoja na Edouard Masengo walikuja kupiga Nairobi. Kila mpigaji gita wa vidole wa enzi hiyo alimsikia Bosco. Lakini kumsikia ni kitu kimoja, Waluhya hawakumwiga wakaishia hapo, walibadilisha mwendo wenyewe, ukiweka Bosco na Mukabi moja baada ya nyingine unaona mmoja anatiririka na mwingine anaruka.

Gita kavu ndio nini?

Gita isiyo na umeme, ile ya mbao yenye tumbo na shimo. Wazee wakisema "kavu" wanamaanisha hakuna amplifaya. Neno hilo utalipata pia kwa wale wanaokusanya muziki wa Kenya wa zamani.

Hiyo sauti inatekenya pale nyuma ni chupa ya Fanta kweli?

Ndio, chupa ya soda. Ile Fanta ya zamani ya kioo ilikuwa na mistari, pete pete zimezunguka mwili wa chupa kutoka shingoni hadi chini. Enos Okola anashika chupa, na kwa mkono mwingine anakwaruza hizo pete na chuma chembamba, juu chini juu chini haraka sana, na pale anataka mkazo anagonga. Kwa hivyo unapata sauti mbili kutoka kwa kitu kimoja, ile ya kukwaruza inayojaza nafasi zote na ile ya kugonga inayokuambia mguu uende wapi.

Si yeye peke yake aliyeitumia, chupa ilikuwa chombo cha kawaida kwa vikundi vya gita kavu siku hizo, ila yeye aliifikisha mahali pengine. Jaribu kuhesabu na kidole mezani mwendo wa chupa yake kwa wimbo mzima bila kukosea, utachoka kabla ya kibwagizo cha pili, na huyu mtu anafanya hivyo huku anaimba sauti ya tatu. Wale wanaosema hiyo si kazi ya mwanamuziki ni watu hawajashika chupa.

Mbona gita mbili zinasikika kama bendi nzima?

Hapa ndio penye utamu kwa hivyo nivumilie.

Anza na gita moja. Gumba linakaa kwa nyuzi nene tatu za juu na halisimami, linagonga besi moja baada ya nyingine kwa mwendo ule ule wimbo wote. Kidole cha shahada kiko kwa zile nyembamba tatu na chenyewe hakifuati gumba, kinaingia katikati ya mapigo, kinachelewa kidogo, kinawahi, kinacheza. Tayari mtu mmoja anasikika kama wawili.

Sasa ongeza gita ya pili. Kosa ambalo vijana hufanya wakipiga wawili ni kushika kodi moja (chord, zile noti zinazolia pamoja) mahali pamoja, basi gita mbili zinakuwa gita moja yenye kelele. Wapigaji wa gita kavu hutumia kapo, kile kibano cha kufunga kwa shingo ya gita kinachobana nyuzi zote. Mmoja anashika C ya kawaida hapo chini, mwingine anafunga kapo kwa freti ya tano (freti ni vile vyuma vimekatiza shingo ya gita) anashika umbo la G, na hapo wote wako C lakini noti hazigongani, huyu ana zile nene na huyu ana zile nyembamba zinazong'aa. Na sikiza gita ya Osala, mara nyingi haitafuti sifa, inatembea tu, inapanda na kushuka kati ya kodi, kazi ya besi kabisa, ndio Tube apate nafasi ya kutoka na kurudi anavyotaka.

Alafu sauti. Tube anaita, wale wawili wanajibu, na wakifika kwa kiitikio ni sauti tatu tofauti zimepangwa, si watu watatu wakiimba kitu kimoja. Ukiweka hedifoni utasikia venye wanavuta pumzi pamoja. Kumbuka pia siku hizo mara nyingi watu walisimama kuzunguka maiki moja ama mbili, hakuna kurekebisha baadaye, mwenye sauti kubwa anarudi nyuma hatua moja na kazi imeisha. Usawa unaousikia waliuweka wao wenyewe kwa kusikizana.

Chupa ndio inafunga yote. Ukiitoa kichwani mwako wimbo bado ni mzuri, lakini unakuwa wa kusikiza. Ukiirudisha unakuwa wa kucheza.

Nyimbo zinahusu nini?

Mapenzi, harusi, ndoa zilizoharibika, vijana wa Bunyore na tabia zao, kuomboleza, na watu. Watu sana. Nyimbo kadhaa zina majina ya watu halisi, mtu anasifiwa, anatajwa kwao, anatajwa ndugu zake. Kama jina la kwenu liko ndani, ona swali la mwisho kabisa.

## HISTORIA YAO

Super Bunyore Band na Mwilonje Jazz ni bendi zingine?

Ni watu hao hao wakiwa na nguo tofauti. Walipotaka kupiga gita za umeme na kikosi kikubwa walitumia hayo majina, Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Kwa hivyo ukipata santuri imeandikwa Super Bunyore Band na ukaona jina la Shem Tube pale kwa mtunzi, usishangae. Mimi huwaambia watu wasikize zote mbili kwa siku moja, ya kavu alafu ya umeme, ndio utaona mkono ni ule ule.

Watu wengi hukosa nusu ya kazi yao kwa sababu ya hii tu, wanatafuta Abana ba Nasery peke yake.

Ni kweli waligunduliwa na wazungu?

Hapana, na hii inaniuma kidogo kila nikiisikia. Walikuwa na jina Bunyore, Kisumu, Kakamega na kwa redio kabla mtu yeyote wa London hajawasikia. Kilichotokea mwisho wa miaka ya 1980 ni kwamba lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Uingereza ilichukua muziki ambao tayari ulikuwa mkubwa kwao na kuupeleka kwa wasikilizaji wapya. Hiyo ni kazi nzuri na nashukuru, bila hiyo tungekuwa tunawasikia kwa santuri zilizochakaa tu. Lakini kugundua ni kitu kingine.

Albamu zao ni zipi?

Kuna mbili za GlobeStyle, lebo iliyo chini ya Ace Records ya London.

Ya kwanza ni Classic Acoustic Recordings from Western Kenya, 1989. Hii ni gita kavu tupu, chupa na sauti, na ndio naona kila nyumba ya Mluhya mwenye spika ingekuwa nayo.

Ya pili ni Nursery Boys Go Ahead, 1992. Wakati huu walikuwa wamefika Uingereza na wakapiga pamoja na wenyeji wa huko, watu wa bendi za 3 Mustaphas 3 na Oyster Band, kwa hivyo unasikia vyombo vingine vikiingia. Kuna mashabiki wanaikataa kabisa ati imechanganywa. Mimi siikatai. Wale watatu hawajasongeshwa pembeni mahali popote, gumba la Tube ndilo linaongoza na wageni wanafuata, na ni raha kusikia Mzungu akijaribu kukaa ndani ya mwendo wa chupa ya Okola. Lakini kama ni moja tu unaweza kupata, chukua ya 1989.

Kwani Hugh Tracey hakuwarekodi?

Safari zake za kurekodi Kenya zilikuwa 1950 na 1952, na Abana ba Nasery ni wa miaka ya 1960. Huwa wanachanganywa kwa sababu ya Bosco, ona swali la gita ilifikaje magharibi.

Kama ni wazuri hivyo mbona Wakenya wengi hawawajui?

Sababu ni nyingi na zimepandana.

Kwanza walitoka kwa zile santuri ndogo za 45, wimbo mmoja huku na mwingine nyuma. Santuri ndogo inauzwa mwaka mmoja miwili, inachezwa hadi inachanika sauti, inaisha. Haikai dukani ikingojea wajukuu.

Pili, miaka ya 1970 bendi za Kongo zilijaa Nairobi na Lingala ikashika kumbi, na upande huu wa ziwa benga ikashika soko. Gita kavu ikaonekana ni ya kijijini. Hata wenyewe waliingia umeme, tumeshaona.

Tatu, kaseti. Kaseti zilipofika, kunakili kukawa rahisi sana, kila kibanda kilikuwa na mashine mbili za kunakilia na mtunzi hakupata hata senti, na biashara ya santuri Kenya ikaanguka miaka ya 1980. Wale waliokuwa na majina makubwa Nairobi walipona kidogo. Wa Luanda nani alimtafuta?

Na ya nne ni lugha. Redio ya taifa ilikuwa na muda kidogo kwa kila lugha, kwa hivyo ulisikia vya kwenu kwa saa chache alafu basi. Siku hizi kuna Mulembe FM na zingine zinazopiga Kiluhya kutwa, lakini nyingi hupiga vya sasa. Linganisha na Daudi Kabaka, yeye aliimba Kiswahili na mtindo wa twist akiwa na bendi ya Equator Sound, Nairobi, wimbo wake Helule Helule hadi ukaimbwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. Ni mtu wa huku huku lakini alikuwa karibu na studio na karibu na lugha ya wote. Umbali huo kutoka Luanda hadi Nairobi ulikuwa na bei.

## KUPIGA MWENYEWE

Naweza kujifunza hii staili bila mwalimu?

Unaweza, ila anza polepole. Wiki za kwanza usiguse kidole cha shahada kabisa, shika C, F na G, na ugonge besi na gumba peke yake hadi uweze kuongea na mtu huku gumba linaendelea. Wengi wanaruka hapa. Wakiruka, gumba linaanza kufuata kidole na wimbo unakufa.

Gumba likishakuwa la kuaminika ongeza kidole, uzi mmoja tu kwanza. Usitumie piki, kile kiplastiki cha kukwanyua nyuzi. Na usikimbilie mwendo wa rekodi, piga nusu yake. Kama uko karibu na mzee anayepiga, na huku Vihiga na Kakamega bado wako, kaa mbele yake uangalie mkono wa kulia, ule wa kushoto utaupata kwa wakati wake.

Sina kapo, nifanyeje?

Penseli na mpira. Laza penseli juu ya nyuzi karibu na freti, funga na mpira nyuma ya shingo mara mbili ikaze. Tumia penseli ya pembe, ile ya mviringo inateleza. Ikiwa uzi wa kwanza haulii safi, kaza upande huo.

Chupa za siku hizi zinafaa?

Kitu muhimu ni kioo na mistari inayozunguka. Chupa laini ya kioo unaweza kuigonga lakini huwezi kuikwaruza. Ya plastiki sahau. Angalia pia chupa zingine za kioo za jikoni, kuna za sosi zina pete nzuri kuliko soda za sasa. Chuma kiwe chembamba na kirefu kidogo, msumari mkubwa ama spoku ya baiskeli iliyokunjwa mwisho isikudunge.

Watu huuliza pia kuhusu maji. Ukiweka maji, sauti ya kugonga inashuka chini, ukiyapunguza inapanda, kwa hivyo unaweza kuitafutia chupa noti inayokaa na gita. Lakini maji yakiwa mengi inakuwa nzito mkononi na mwendo unaisha, mimi naona tupu ni bora. Na kagua ufa kabla ya kuanza, kioo chenye ufa kikipasuka mkononi si mchezo.

## MASWALI MAGUMU

Nimepata santuri za kuka (babu) kwa sanduku, nizifanyie nini?

Usizitupe na usizicheze bado.

Kwanza angalia kama ni zile nzito za 78 ama ndogo za 45. Zile za 78 ni ngumu na zinavunjika kama sahani ya udongo, zishike na mikono miwili. Zisafishe moja moja, maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mistari na si kukata katikati. Karatasi ya katikati isiguse maji. Kausha kivulini. Alafu zisimamishe wima kama vitabu, usizilundike moja juu ya nyingine, na zisikae karibu na dirisha wala mabati, huku kwetu joto la mchana linazikunja kwa wiki moja.

Sindano ya mashine iwe nzima. Sindano mbovu inachimba santuri na hiyo sauti hairudi. Zile zenye shimo kubwa zinataka kale kaplastiki ka katikati. Na kabla hujampa mtu yeyote anayekuja na pesa mkononi, piga picha pande zote mbili.

Nitajuaje ni rekodi yao kama jina ni lingine?

Soma karatasi ya katikati yote, si ile herufi kubwa tu. Kuna jina la bendi, jina la wimbo, jina la mtunzi kwa mabano ama kwa herufi ndogo, na namba ya lebo. Ukiona Shem Tube ama Justo Osala kwa mtunzi endelea kusoma hata kama bendi imeandikwa kitu kingine (majina yao mengine yako kwa swali la Super Bunyore). Majina pia huandikwa vibaya, mwenye mashine ya kuchapa hakujua Lunyore, kwa hivyo yasome kwa sauti.

Naweza kurekodi upya wimbo wao?

Kwa ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi, inayohesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hivyo ati "ni wimbo wa zamani" haitoshi. Unatafuta mtunzi ama familia yake, ama unapitia chama kinachosimamia haki zao, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya inaweza kukuelekeza pa kuanzia. Kupiga kwa harusi ya binamu yako si tatizo la mtu, kuuza ndio stori nyingine. Na ukitoa, andika jina la mtunzi sawasawa, wazee wengi wameimbiwa nyimbo zao na majina yao yakaachwa.

Na kuweka rekodi ya zamani mtandaoni je?

Hapa kuna vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Kuna utunzi, nimeueleza juu, na kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa. Rekodi inalindwa miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa mfano iliyorekodiwa 1965 ulinzi wake hapa Kenya uliisha na mwaka 2015, lakini iliyorekodiwa 1992 iko hadi mwisho wa 2042, na Uingereza ni miaka 70. Rekodi ikishatoka kwa ulinzi, utunzi bado unaweza kuwa ndani. Ukiwa na kitu nadra kabisa, mimi ningekushauri uongee na familia kwanza, na pia watu wanaohifadhi kama Ketebul Music pale Nairobi, kabla hujakimbilia YouTube.

Jina la babu yetu liko kwa wimbo, tunaweza kujua ilikuwaje?

Hii imeulizwa na familia zaidi ya moja na jibu liko kwenu zaidi ya mahali pengine. Huku kwetu mpigaji gita alimtaja mtu aliyemkaribisha, aliyemlipa, aliyemfurahisha, ama aliyefiwa. Kwa hivyo jina lina siku yake: harusi fulani, matanga fulani, sherehe ya mtu aliyejenga nyumba ya mabati.

Chukua wimbo kwa simu, nenda kwa wale wakubwa waliobaki, kukhu (nyanya yenu) hasa, mpigie mara mbili bila kumuuliza kitu. Mara ya tatu simamisha kwa kila jina linalotajwa, la mtu na la kijiji, na umwache aseme. Rekodi mazungumzo kwa simu nyingine. Andika Lunyore venye anaisema, hata kama hujui maana, tafsiri itafuata. Alafu uliza kama kuna picha, watu waliokuwa na pesa ya kuita wanamuziki mara nyingi walikuwa na pesa ya kuita mpiga picha pia, na unaweza kukuta gita mbili zimeegemezwa ukutani na chupa imewekwa chini karibu na kiti.